Sabufa Haipigi: Kutafuta Ugonjwa Kwenye Boksi Kabla ya Kulaumu Spika

"Fundi, sabufa hii haipigi." Mwenye gari husema hivyo, na ukimuuliza haipigi vipi, hana la kuongeza. Hapo ndipo pesa huanza kumtoka. Atabadilisha amplifaya, kisha spika, kisha betri, na besi itabaki vile vile, kwa sababu ugonjwa uko kwenye mbao alizopigiwa kwa kukisia. Spika ya besi haifanyi kazi peke yake. Hewa iliyofungiwa nyuma yake ndiyo inayoizuia na kuirudisha, na kiasi cha hewa hiyo ndicho kinachoamua sauti itakuwaje.

Kwa hivyo tuanze na sikio. Kila dalili hapa chini ina chanzo chake cha kawaida na njia ya kukithibitisha kabla ya kununua chochote. Nimekusudia spika za inchi 8 hadi 12 na magari yaliyojaa Mombasa: Vitz, Probox, Noah, na tuktuk pia. Uwe na tepu ya kupimia, mita ya umeme, betri ndogo ya volti 1.5, vijiti vichache vya udi, na simu yenye programu ya kutoa mlio wa masafa unayoyachagua, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, inayohesabiwa kwa hezi.

Kila wimbo unavuma kwa noti moja

Hii ndiyo inayoongoza. Weka taarabu yenye gita zuri la besi. Gita linapanda na kushuka, lakini kinachotoka nyuma ni "bumbu, bumbu" ile ile. Mwenye gari huifurahia siku mbili za kwanza, kisha kichwa huanza kumuuma.

Chanzo cha kwanza: boksi lililozibwa ambalo ni dogo kuliko spika inavyotaka. Karatasi ya maelezo inayokuja na spika huwa na namba tatu unazozihitaji. Fs ni masafa ambayo spika hupenda kutetemeka yenyewe, Qts huonyesha jinsi inavyojizuia, na Vas ni ujazo wa hewa wenye ulaini sawa na mpira wa spika. Namba hizi zinatokana na kazi ya Neville Thiele wa Australia, aliyeichapisha mwaka 1961, na Richard Small aliyeiendeleza miaka ya 1970. Mpaka leo hesabu ya boksi hufanywa kwa njia yao.

Hesabu yenyewe si ngumu. Gawanya Vas kwa lita za boksi, ongeza 1, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa Qts. Jibu ndilo tabia ya spika ikiwa ndani ya boksi. Ukipata 0.7 hivi, besi imetulia na imenyooka. Ukifika 0.9 besi inaanza kunenepa kidogo, na wengi huipenda hivyo. Ukipita 1, ule uvumaji wa noti moja umeingia.

Chukua spika ya inchi 10 yenye Fs ya hezi 32, Qts ya 0.50 na Vas ya lita 30. Kwenye boksi la lita 30 jibu ni 0.71. Kwenye lita 15 ni 0.87, na masafa ya mtetemo yanapanda hadi hezi 55. Kwenye lita 8, ambalo ndilo boksi linalopigwa ili lisile nafasi ya mizigo, unapata 1.09 na mtetemo unafika hezi 70. Hiyo si besi tena, ni mlio wa ndoo.

Wengi hukosea pale wanapopima kwa nje. Fundi wa mbao akiambiwa sentimita 40 kwa 35 kwa 25, atakwambia ni lita 35, na kwa nje hajakosea. Lakini mbao ina unene wa milimita 18, na unene huo unatoka pande zote mbili. Kwa ndani umebaki na 36.4 kwa 31.4 kwa 21.4, yaani lita 24 na nusu. Toa lita moja hadi mbili za sumaku na fremu ya spika, toa na vipande vya kushikizia, umefika 22. Lita 13 zimepotea na hakuna aliyeziiba. Ukitaka kuhakikisha boksi lililokwisha tengenezwa, toa spika upime ndani kwa tepu. Usimwamini aliyekuuzia.

Dawa ya bei nafuu, kama pengo si kubwa, ni pamba ya polista ya kujazia mito. Itanue kwa vidole mpaka iwe laini, ujaze boksi bila kuishindilia, robo kilo kwa lita 15 hivi. Hewa ikipita kwenye nyuzi hizo, spika hujiona iko kwenye boksi kubwa zaidi. Tegemea nyongeza ya asilimia 10 hadi 20, usitegemee muujiza. Kwa lita 8 zilizotakiwa kuwa 20, vunja upige jingine.

Kama spika ni ya mtumba na haina karatasi, anza na boksi lililozibwa: lita 10 kwa inchi 8, lita 18 kwa inchi 10, lita 28 kwa inchi 12. Ni makadirio, lakini hukaa karibu na wanayoyataka watengenezaji wengi. Boksi lenye tundu, yaani lenye paipu ya kutolea hewa, bila karatasi ni kamari.

Chanzo cha pili cha noti moja ni boksi lenye tundu ambalo paipu yake ni fupi. Ufupi wa paipu hupandisha masafa ambayo boksi limetegeshwa, yaani yale ambayo hewa ya paipu hutetemeka yenyewe, na mlio wote hujikusanya hapo. Urefu wa paipu ya duara hupatikana hivi: mraba wa kipenyo cha ndani kwa sentimita, mara 23,562, gawanya kwa mraba wa masafa unayoyataka, gawanya tena kwa lita za boksi, kisha toa kipenyo mara 0.73. Boksi la lita 30 likitakiwa hezi 38 kwa paipu ya kipenyo cha sentimita 7.5 linataka urefu wa sentimita 25. Ukikata 15 kwa sababu ndizo zilizoingia, boksi limeruka hadi hezi 46, na kwenye kibanda kidogo cha Vitz utazichoka hizo hezi 46 kabla hujafika Bombolulu.

Ukiona uchovu wa kupiga hesabu, sikio na jicho vinaweza kukuonyesha. Cheza milio ya hezi 60, 55, 50 na kushuka hivyo, kwa sauti ndogo, ukiitazama koni, ile sehemu ya mbele ya spika inayocheza, kwa mwanga wa tochi. Itazidi kucheza, kisha kuna masafa ambapo inatulia karibu isimame huku hewa ikitoka kwa nguvu kwenye tundu. Hapo ndipo boksi limetegeshwa. Kama ni juu ya hezi 45 kwenye gari lililofungwa, refusha paipu.

Besi ipo, lakini haina uzito

Hapa kuna jambo la tuktuk ambalo wengi hawalijui. Gari lililofungwa huongeza sauti za chini zenyewe. Kuanzia pale ambapo nusu ya wimbi la sauti inakuwa ndefu kuliko kibanda, hewa yote ya ndani husukumwa kwa pamoja, na kila ukishuka chini msukumo unaongezeka. Kibanda cha mita 2.5 huanzia hezi 70 hivi. Ndiyo maana boksi dogo lililozibwa, ambalo kwa hesabu limekufa chini ya hezi 55, ndani ya Vitz linashuka vizuri tu.

Tuktuk haina kibanda. Pande zote ni wazi, na msukumo huo haupo. Dereva anasikia boksi la mwenzake kwenye Probox, anaagiza lile lile, analifunga nyuma ya kiti cha abiria, na besi inakuwa nyepesi. Spika haina kosa. Kwa tuktuk, piga boksi lenye tundu lililotegeshwa hezi 45 hadi 50, ukubali kwamba za chini ya hapo hutazipata. Mwenye kuendesha gari madirisha yote wazi kwa joto la Februari naye hupoteza sehemu ya msukumo huo, kwa hivyo kabla hujalaumu boksi, pandisha vioo usikilize tena.

Katika gari la saluni, besi hafifu mara nyingi ni besi iliyokwama kwenye buti. Kiti cha nyuma na bodi iliyo nyuma yake vinaizuia. Laza kiti upande mmoja. Ikiwa besi imefunguka ghafla, sogeza boksi lielekee mwanya wa kiti au toa kifuniko cha nafasi ya kupumzishia mkono, kama gari lako lina kitundu hapo.

Ukikaa nyuma inapiga, ukikaa mbele imepotea

Sabufa na spika za milangoni zinavutana. Moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, na pale masafa yao yanapokutana, karibu na hezi 80, yanafutana. Badilisha nyaya mbili nyuma ya sabufa, ya kujumlisha iende pa kutoa, au geuza swichi ya fezi kwenye amplifaya kutoka 0 hadi 180. Kaa kwenye kiti cha dereva, sikiliza hali zote mbili, uchague yenye besi nyingi. Hakuna kanuni nyingine hapa. Gari ndilo linaloamua.

Spika mbili kwenye boksi moja zikikosana, hali ni mbaya zaidi. Gusisha betri ya volti 1.5 kwenye nyaya za kila moja. Jumlisha kwa jumlisha, koni itoke nje. Inayoingia ndani imefungwa kinyume.

Kupumua, mluzi, na "fff" pembeni

Tofautisha mambo mawili. Boksi likiwa na tundu na kelele ikitoka tunduni wakati besi ni kubwa tu, tundu ni jembamba kwa kazi unayolipa. Hewa ikipita mita 17 kwa sekunde au zaidi huanza kusikika. Dawa ni tundu kubwa zaidi, na hapo utaona kwa nini boksi dogo lenye tundu ni mtihani. Lile la lita 30 kwa hezi 38, ukiweka paipu ya kipenyo cha sentimita 10, urefu unaotakiwa ni sentimita 47, na boksi lenyewe halina urefu huo ndani. Itabidi uikunje kwa kiwiko cha paipu ya maji taka, uukate ujazo wake kwenye hesabu, na uache nafasi isiyopungua kipenyo kimoja kati ya mdomo wa ndani na ukuta. Ukiona hapo kazi imekuwa kubwa kuliko gari, rudi kwenye boksi lililozibwa. Mimi ningerudi mapema.

Boksi lililozibwa likipumua, limepasuka mahali. Hapa udi unafanya kazi ambayo mita haiwezi. Zima feni, funga milango, cheza mlio wa hezi 30 kwa sauti ya wastani. Washa kijiti, uache moshi unyooke, kisha kipitishe polepole sentimita moja kutoka kwenye kila ungio: pembe, ukingo wa spika, na zaidi kile kikombe cha plastiki cha kufungia nyaya. Moshi utapanda umenyooka, umenyooka, halafu mahali fulani uanze kuruka mbele na nyuma kwa mpigo wa koni. Weka alama ya penseli. Mara nyingi ni kile kikombe, kwa sababu hufungwa kwa skurubu nne bila mpira wowote chini.

Ziba kwa gundi ya mbao ndani ya maungio, na sponji nyembamba chini ya spika na kikombe. Silikoni inafaa, lakini ile yenye harufu ya siki hutoa mvuke unaokula metali, kwa hivyo iache siku nzima boksi likiwa wazi kabla ya kurudisha spika.

Koni inaruka sana lakini sauti ni ndogo

Kwenye boksi lenye tundu, hii hutokea chini ya masafa ya tundu. Boksi la hezi 40 likipewa besi ya hezi 28, hewa haiizuii tena spika, inaachwa icheze peke yake mpaka koili, ule mzunguko wa waya unaoisukuma koni, igonge nyuma. Utasikia "tak, tak" ya chuma. Punguza sauti hapo hapo. Kama amplifaya ina kichujio cha kukata masafa ya chini mno, kiweke hezi 5 hadi 10 chini ya masafa ya boksi. Kama haina, usichezee nyimbo zilizoongezwa besi za mtandaoni kwenye boksi hilo.

Kwenye boksi lililozibwa, koni kuruka bila sauti ni mwanya mkubwa au boksi kubwa kupita kiasi. Udi tena.

Inakatika, inajizima, inarudi

Sasa tumetoka kwenye mbao, ingawa watu huendelea kulilaumu boksi. Ukiwa kwenye foleni ya feri Likoni injini imezimwa, besi inaanza vizuri, baada ya muda inakatika, taa ya onyo inawaka. Ukiwasha injini inapona. Betri iliyojaa injini ikiwa imezimwa ina volti 12.6 hivi, injini ikiwaka alteneta huipandisha kati ya 13.8 na 14.4. Amplifaya inayotoa wati 300 za kweli inakula ampea 27 au zaidi, na betri ya Vitz haikutengenezwa kwa tamasha la foleni.

Lakini ikikatika hata injini ikiwaka, pima mara mbili huku muziki unapiga: kwenye vichwa vya betri, kisha kwenye amplifaya yenyewe. Betri ikisoma 13.7 na amplifaya 11.8, volti mbili zimeliwa njiani. Mara nyingi wezi ni wawili. Wa kwanza ni ethi, ule waya wa kutoa unaokwenda kwenye bodi ya gari, iliyofungwa juu ya rangi au kwenye boliti ya kiti. Kwangua hadi chuma king'ae, funga, kisha paka grisi, kwa sababu hewa ya chumvi hapa haichelewi. Wa pili ni waya wenyewe. Kwangua ncha kwa wembe: ikiwa ndani ni nyeupe, umeuziwa aluminiamu iliyopakwa shaba. Tafuta shaba kamili ya milimita mraba 16, na fyuzi ikae ndani ya nusu mita kutoka kwa betri. Hilo la fyuzi ni la moto, si la muziki.

Usisahau omu, kipimo cha ukinzani wa koili. Sabufa yenye koili mbili za omu 4 inaweza kufungwa ikawa omu 2 au omu 8. Mita itasoma pungufu kidogo ya kilichoandikwa, na hiyo ni kawaida. Amplifaya isiyovumilia omu 2 itajizima kila ikipashwa moto, na itaonekana kama boksi bovu.

Na wati zilizoandikwa juu ya amplifaya? Tazama fyuzi yake. Fyuzi ya ampea 25 mara volti 13.8 ni wati 345 zinazoingia. Iliyoandikwa 1,200 haiwezi kutoa isichokila.

Kitu kinalia, sijui ni nini

Namba ya gari, kifuniko cha buti, kibao cha nyuma, spana iliyosahaulika kwenye gurudumu la akiba. Mmoja acheze milio kutoka hezi 30 hadi 80 polepole, mwingine atembee akibonyeza kwa kiganja. Kikinyamaza chini ya mkono, umekipata, weka sponji. Kama ni boksi lenyewe linalotetemeka, kuta zake ni pana bila kushikwa. Weka ndani kipande cha mbao kutoka ukuta hadi ukuta, kama mataruma yanavyoshika ubavu wa jahazi, ukitoe kwenye hesabu ya lita.

Ilikuwa nzuri, mvua za masika zikaiharibu

MDF, ile mbao ya unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, na unyevu wa pwani haviendani. Kingo zilizokatwa hunywa maji ya hewani, zinavimba, skurubu zinalegea, na lile boksi lililokuwa halivuji mwezi wa tatu linapumua mwezi wa sita. Gari lenye mpira wa buti uliochoka huharakisha mambo, maana maji ya mvua hukaa chini ya zulia pale pale boksi lilipoketi. Pitisha kidole chini ya boksi. Ukikuta ukingo umefura na unamenyeka tabaka kwa tabaka, gundi haitalirudisha. Ng'oa spika, tunza kikombe na nyaya, na boksi jipya lipige kwa plaiwudi ya marini ya milimita 18, kingo zote zipakwe vanishi ndani na nje kabla ya zulia, skurubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, na chini liinuliwe kwa vipande vya mpira vya sentimita moja.